Ghala Lililoezuliwa kwa Makofi

Ninyi vijana mnaopanda mapaa ya Kasulu siku hizi na simu mfukoni, muziki ukilia huku mnapigilia, nimewatazama sana. Mna mabati ya rangi. Mna misumari inayokuja na raba yake tayari. Mna drili za betri. Na bado mvua za kwanza zikipita Heru Juu, kesho yake mnazunguka kwenye mihogo ya watu mkiokota mabati. Nikiwauliza mnanijibu, "Mzee, ule upepo ulikuwa na nguvu."

Nguvu gani? Mimi nimeezeka Kasulu na Kibondo tangu nilipokuwa na meno yote, na nguvu nilizokutana nazo kazini ni za namna nyingi. Upepo ni mojawapo, wala si ile mbaya kuliko zote. Upepo ukija unausikia unakuja, ukiondoka umeondoka, na hauhutubii mtu.

Nina habari ya ghala moja ya kuwasimulia. Lakini kwanza niwaambie nilivyofundishwa, maana najua tabia yenu, mnapenda kuanza na kofia ya paa kabla ya ukuta.

Mwalimu wangu alikuwa mzee Rusimbi, seremala aliyejifunza kazi kwa wamisionari akarithi kwao randa moja na hasira zote. Paa langu la kwanza la bati lilikuwa la jiko la shule. Misumari nikaipigilia bondeni, pale chini kwenye mkunjo wa bati, kwa sababu pale bati linagusa mbao na msumari unazama vizuri. Kwa akili yangu ya ujana nikaona wanaopigilia juu ya mgongo wa bati wanajitaabisha bure. Mvua ikaja. Maji hukimbilia bondeni, hata mbuzi anajua, na mimi nilikuwa nimeyafungulia mlango kila mahali. Mzee Rusimbi hakunigombeza. Alileta kigoda, akakiweka chini ya tundu lililovuja kuliko yote, akasema, "Kaa." Nikakaa. Mvua ilipokatika akakihamishia kigoda kwenye tundu la pili, tukangoja mvua nyingine. Wapishi walipita na masufuria yao wakinikwepa kama mtu anavyokwepa nguzo, na mmoja akawa ananisalimu kila anapopita, makusudi.

Huo ndio ulikuwa mtihani wetu. Hakukuwa na cheti. Ulikaa chini ya kazi yako mvua ikinyesha, ukatoka mkavu au ukatoka umelowa.

Raba za misumari tulizikata wenyewe kutoka kwenye mipira ya ndani ya magurudumu, na fundi aliyeona uvivu kukata raba alijulikana kabla ya Krismasi. Mabati tulianza kuyalaza upande ule upepo unakokwenda, si unakotoka, ili maungio yaupe upepo kisogo. Ninyi mnaanzia popote ngazi ilipoegemea. Na jambo kubwa kuliko yote alilonifundisha mzee yule ni kwamba paa haliangushwi, linainuliwa. Upepo huingia chini ya upenu, ukakuta hauna pa kutokea, ukatoka na nyumba. Kwa hiyo kabla ya kufikiria mabati, funga kenchi kwenye ukuta, funga papi, zile mbao za kushika bati, kwenye kenchi, halafu ndipo uanze kujisifu.

"Na ukishafunga vyote," alikuwa akisema, "mtazame mwenye nyumba. Kama ana haraka ya sherehe, funga tena."

Nilidhani ni maneno ya mzee aliyechoka. Nikayaelewa ng'ambo ya Busunzu, mwaka ule watu walipohamishiwa vijijini.

Jina la kijiji nalikalia kimya, wajukuu wa watu bado wanaishi pale. Mnajua Waha tulivyokuwa tunakaa zamani, kila mtu na kilima chake, migomba yake inamzunguka, jirani unamwona kwa moshi. Ikaja amri watu wakae pamoja. Malori yakaja, vyombo vikapakiwa, na nyumba nyingine zikabomolewa nyuma ya mgongo wa wenyewe ili mtu asipate tamaa ya kurudi. Wakashushwa kwenye uwanda ambao ulikuwa haujalimwa na mtu, wakaambiwa hapa ndipo kwenu. Wakajenga vibanda vya nyasi. Na mbegu zote, maharage zaidi, zikaamriwa ziwekwe pamoja kwenye ghala la kijiji, zisije zikaliwa kabla ya kupandwa. Ghala hilo ndilo nililotumwa kuliezeka.

Katika watu walioshushwa pale alikuwapo mama mmoja, Adela, mjane mwenye watoto watano. Alikuwa ametoka Burundi miaka michache nyuma, wakati ule watu walipovuka kwa makundi wakiwa na walichovaa tu. Akapata kilima, akalima, akavuna, na mara hii lori likaja kumhamisha tena. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache, na magunia yake mawili ya maharage aliyaingiza ghalani mwenyewe kichwani, moja moja, akataka kujua yatakaa wapi.

"Yatakaa katikati," nikamwambia. "Katikati hapavuji."

"Fundi, hayo ndiyo niliyo nayo," akasema. "Hakuna mengine nyumbani. Yakiota humo ndani ya gunia, hawa watoto nitawapikia nini?"

Sasa mtauliza, na mimi niliuliza, kwa nini wasipande. Mvua zilikuwa zimekaribia, wingu linaonekana kila alasiri. Jibu ni kwamba mashamba yalikuwa hayajagawiwa. Kwa nini hayajagawiwa? Kwa sababu alikuwa anasubiriwa mgeni mkubwa aje ayagawe kwa mkono wake, watu wamwone. Cheo chake sikitaji. Alitoka mkoa mwingine, akaletwa kwetu kututawala, na tarehe yake ya kuja ilikuwa imesogezwa hata watu wakaacha kuuliza. Mvua ilikuwa haina habari hizo.

Kijijini mamlaka yalikuwa mikononi mwa Katibu, kijana mnene wa sauti, aliyependa kusema "ndugu zangu" kwa namna ambayo ungejua hana undugu na wewe. Sanduku la misumari ya bati lilipofika kutoka Kibondo mjini, nililiona kwa macho yangu likishushwa. Asubuhi yake nikakuta limefunguliwa na limebaki na misumari ya kuhesabu. Nikaenda kwa Katibu.

"Misumari imekwenda jukwaani," akasema bila haya. "Mgeni atasimama juu ya nini?"

Akanionyesha. Walikuwa wamejenga jukwaa la mbao mbele ya uwanja waliousafisha na kuulima kwa jembe ukawa laini, ili mgeni asijikwae visikini. Sijawahi kuona mbao zikipigiliwa namna ile. Msumari wa bati, mtu mzima, ulipigwa mahali ambapo hata kamba ingetosha. Vichwa vya misumari vilikuwa vingi kuliko mbao.

"Ndugu Katibu," nikasema, "bati bila misumari ni karatasi. Na chini ya bati hilo kuna chakula cha mwaka."

"Ghala linaweza kungoja. Mgeni hawezi kungoja." Halafu akanitazama kwa jicho la pembeni. "Au wewe fundi una maoni yako kuhusu ziara?"

Siku hizo mtu akikuuliza kama una maoni, ulikuwa huna. Nikarudi kwenye ngazi.

Nikafanya nilivyoweza. Kila bati nikalipa msumari mmoja juu na mmoja chini, na hiyo ni sawa na kumfunga ng'ombe kwa uzi. Halafu nikawaomba wanaume wachune magome ya miyombo, tukasokota kamba ndefu, tukazirusha juu ya paa kutoka upande hadi upande, tukazifunga kwenye vigingi ardhini. Kazi mbaya, lakini ya haki.

Katibu naye, ili mjue namna nyingine ya nguvu, hakumwamini Mungu wala fundi katika suala la hali ya hewa. Kwenye mikutano alikuwa akiwakemea watu waache ushirikina. Kisha mke wake mwenyewe akaniambia, huku akicheka hadi akakaa chini, kwamba jogoo wao amekwenda kwa mzee Bigirwa. Mzee Bigirwa alijulikana kwa kufukuza mvua ya mawe. Alikuwa na pembe la ng'ombe lililojazwa vitu, akilisimamisha juu ya mti, wingu linageuka. Ndivyo alivyosema. Akaja alfajiri, akalisimamisha pembe lake nyuma ya jukwaa mahali mgeni asingeliona, akala jogoo, akalala. Ghala hakuligusa. Jogoo, akasema, alikuwa wa jukwaa.

Siku ya mgeni ikafika. Tangu asubuhi joto lilikuwa la kukaba, hata kuku walikaa wametanua mbawa. Watu wakapangwa uwanjani, wakakaa, wakasubiri, mgeni haonekani. Mchana ukageuka, na upande wa machweo ya jua, kule Burundi, kukainuka wingu jeusi lenye ukingo wa kijani. Ninyi mnaoezeka, mkiona ukingo wa kijani, shukeni. Ile ni mvua ya mawe.

Upepo ulitangulia. Ulianza na kibanda cha mzee Bigirwa mwenyewe, ukakibeba na nyasi zake zote kama mtu anavyovua kofia, na yule mzee akabaki amekaa juu ya kitanda chake hadharani. Pembe likafuata. Baadaye watu walipomwuliza, alisema kwa utulivu kwamba mvua ile ilikuwa ya ng'ambo, haikupita kituo cha mpakani Manyovu kama wengine wanavyopita, na yeye hana mamlaka juu ya kitu kilichovuka mpaka kwa njia ya panya. Nawaambieni, mwongo mwenye akili ni mtu wa kuheshimiwa kidogo.

Mvua ikashuka. Ardhi ikalainika mara moja, na vigingi vyangu nikaviona vikianza kucheza kwenye udongo. Kigingi cha kwanza kilipochomoka, kamba ikaruka hewani, na bati la pembeni likainuka na kupiga kelele. Nikapaza sauti watu waje. Walikuja wote, sina la kuwasema hapo. Wanaume, wanawake, wazee, kila mmoja akashika kamba, upande huu na upande ule wa ghala, wakaning'inia kwa uzito wao. Mawe ya barafu yalikuwa yakiwapiga vichwani na hakuna aliyeachia. Adela alikuwa kwenye kamba ya mwisho, kona ya mlango, peke yake, amejizungushia kamba kiunoni na kukanyaga jiwe kwa miguu yote miwili. Mimi nilikuwa ndani, juu, nimekumbatia kenchi kwa mikono na miguu, nasikia paa linavyopumua juu ya kichwa changu. Linainuka, watu wanavuta, linakaa. Linainuka, wanavuta, linakaa. Nikajisemea, hawa watu watashinda. Nilikuwa na furaha kabisa, nawaambia ukweli. Sijawahi kuona nguvu kubwa namna ile ikitoka kwa watu wenye njaa.

Ndipo ikafika Landrova.

Hapa lazima niwaeleze nyie mliozaliwa na salamu za "mambo vipi". Kwetu mtu mzima hasalimiwi hivi hivi. Unasimama, unaweka chini ulichobeba, kiwe jembe, kiwe kuni, kiwe mtungi wa maji, unachutama, unapiga makofi mepesi mikono ikiwa mitupu, na unaendelea kupiga mpaka mkubwa aitikie. Kumsalimu mkubwa ukiwa umeshika kitu ni kama kumwambia kwamba hicho kitu kinamzidi. Hatukufundishwa hili, tulilikuta mwilini. Mama zetu walitupigisha makofi wenyewe kabla hatujajua kutembea. Nami ningekuwa chini siku ile, si juu ya kenchi, mikono yangu ingefanya vile vile bila kuniuliza.

Mgeni wetu hakuzaliwa na makofi hayo. Aliyakuta, kama mtu anavyokuta embe limeanguka njiani, akaliokota akaona tamu. Kwao pengine alisalimiwa kwa kichwa tu. Huku alipopita, uwanja mzima ulichutama, na nasikia alikuwa akichelewa kuitikia ili ayasikilize vizuri. Kwenye hotuba zake za mikutano mingine alituambia sisi sote ni ndugu, hakuna mkubwa wala mdogo. Alituambia hivyo tukiwa tumechutama.

Akashuka garini katikati ya mvua, dereva kamshikia mwavuli uliokuwa umegeuka nje ndani. Akasimama mbele ya ghala. Aliona watu wanavyoning'inia, hakuwa kipofu. Angeweza kusema, "Endeleeni, jamani." Angeweza kushika kamba. Alisimama akisubiri.

Katibu naye akatokea mbio, amelowa, akapaza sauti ambayo hata mimi juu kwenye kenchi niliisikia kuliko ngurumo.

"Mgeni amefika! Msalimieni mgeni!"

Niliona kwenye uwazi wa upenu. Waligeuka kwanza vichwa. Halafu mzee mmoja wa kamba ya mbele, mtu mwenye adabu zake, akaachia kamba taratibu kama anayeweka mzigo chini, akachutama kwenye tope, akapiga makofi. Wa pili akafuata, maana mzee akichutama huwezi kubaki umesimama. Wa tatu. Nikapiga kelele kutoka juu, "Shikeni! Jamani, shikeni!" lakini nani anamsikiliza mtu aliye juu ya vichwa vya wakubwa? Upande mzima ukachutama. Nikayasikia makofi, mepesi, pamoja, katikati ya mvua ya mawe.

Upepo haukuwa na adabu ya kungoja itikio. Uliingia chini ya upenu, kama mzee Rusimbi alivyosema, ukatoka na nyumba. Mabati yalikwenda moja baada ya jingine, mengine tuliyakuta kwenye miyombo, moja liliangukia juu ya boneti ya Landrova, na hilo ndilo bati pekee lililofanya kazi ya maana jioni ile. Mimi nikabaki nimekumbatia kenchi chini ya mbingu. Maji yakashuka juu ya magunia mbele ya macho yangu, na sikuwa na cha kufanya isipokuwa kutazama.

Mnapenda kuuliza kilichobaki. Jukwaa lilibaki. Halikutikisika hata ubao mmoja. Na ilibaki kona ya mlango, mabati matatu, chini ya kamba ya Adela. Yeye hakuachia. Alikuwa amemtazama mgeni usoni, akatazama juu, akavuta kamba. Nasema alimtazama, kwa hiyo hamwezi kuniambia hakumwona.

Chini ya mabati yale matatu magunia machache yalipona. Yake hayakuwamo. Yake yalikuwa katikati, pale nilipomwambia hapavuji.

Mvua ilipokatika, Katibu alimwendea yeye kwanza. Si ghala, si watu waliopigwa na mawe vichwani. Yeye.

"Wewe mama umemdharau mgeni," akasema. "Watu wote wamesalimu. Wewe ni nani?"

Adela alikuwa akijifungua ile kamba kiunoni, na ilikuwa imemchuna ngozi ikaonekana nyekundu. Mgeni akasema suala hilo litazungumzwa kesho. Akataka kuondoka, akaambiwa daraja la magogo limekwenda na mto. Ikabidi alale kwa Katibu, na nasikia alilala na mbuzi, kwa sababu zizi nalo liliezuliwa.

Maharage yaliyolowa, kwa nyie mnaonunua dukani, hayana subira. Ukiyaacha kwenye gunia yanapata joto, yanachipua, yanaoza, na harufu yake haikutoki puani mwaka mzima. Ukiyaanika kwenye mawingu, ndiyo hayo hayo. Yakishalowa, njia ni moja, ardhini, upesi. Na ardhi iliyolimwa kijiji kizima ilikuwa moja, ule uwanja wa mapokezi.

Asubuhi nilipoamka nilimkuta Adela ameshafika. Alikuwa amelivuta gunia lake hadi uwanjani, analima mashimo kwa jembe, mtoto wake mkubwa anadondosha mbegu nyuma yake. Alianzia chini kabisa ya jukwaa. Watu walisimama pembeni wakimtazama kama anayevua nguo kanisani. Halafu yule mzee wa kamba ya mbele, yule aliyechutama wa kwanza, akaenda kimya kimya kuchukua gunia lake. Hakumtazama mtu. Muda si muda uwanja ulijaa migongo iliyoinama.

Katibu alikuja akipiga kelele kwamba mashamba hayajagawiwa, kwamba hapa ni mahali pa mkutano, kwamba mgeni atasema nini. Akamkamata Adela mkono wa jembe. Adela akalihamishia jembe mkono wa pili, akaendelea. Katibu akabaki ameshika mkono mtupu, hajui aupeleke wapi, mwishowe akaurudisha kwa mwenyewe.

Mgeni alitoka baadaye, macho mekundu, nyasi kichwani. Alipanda jukwaani kwa mazoea, nadhani, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Akatazama chini. Hakuna aliyeinua mgongo. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi yangu nikinyoosha misumari iliyopinda, na nilitaka sana kusikia atakachosema. Nilikuwa na chuki naye kiasi kwamba nilimwombea aseme upumbavu.

Alikohoa. Akatazama mbingu, akatazama barabara ambayo haikuwa na daraja. Halafu akainua mkono, akaanza kunyoosha kidole.

"Huyu hapo alipo, ndilo shamba lake," akasema. "Na huyu hapo alipo. Na yule pale."

Akaenda hivyo hivyo uwanja mzima, mmoja mmoja, akimgawia kila mtu mahali ambapo alikuwa ameshapanda. Katibu akawa anarudia nyuma yake kwa sauti kubwa, "Amegawiwa! Amegawiwa!" Nikacheka mpaka msumari ukanianguka. Baadaye likaenea wilaya nzima kwamba mgeni yule aligawa mashamba kwa siku moja, mvua ya mawe ikiwa imetoka kupita, bila ugomvi hata mmoja. Alisifiwa sana. Sijui alipandishwa wapi, lakini alipandishwa. Kwa hiyo msije mkaniuliza haki ilikwenda wapi, mimi niliezeka mapaa tu.

Kidole kilimfikia Adela mwishoni. "Na huyu mama," mgeni akasema, kidole kikabaki hewani, na watu wote wakaacha kulima. Ya jana hakuna aliyekuwa ameyasahau. Mtoto wake mkubwa alishikilia gunia kwa mikono miwili kama lingenyang'anywa. Mgeni akamtazama, akatazama mistari ya mbegu iliyofunikwa, mirefu, iliyonyooka, mpaka chini ya miguu yake mwenyewe. "Na huyu mama hapo alipo," akasema.

Adela alikuwa amefika mwisho wa mstari. Akalilaza jembe chini, akajipangusa udongo viganjani, akachutama, akampigia mgeni makofi mepesi mpaka akaitikia.

Mimi niliona aibu kwa ajili yake, na hasira. Mtu yule alimwezulia ghala, akawalaza watoto wake na njaa, akamgawia kilichokuwa chake, na yeye anamshukuru. Alipopita karibu na ngazi yangu kwenda kunywa maji nikashindwa kujizuia.

"Mama Adela," nikamwambia, "jana hukumsalimu, nusura uadhibiwe. Leo kakupa nini hata umpigie makofi?"

Akanitazama kwa mshangao, kama niliyeuliza kitu ambacho kila mtu anakijua.

"Jana nilikuwa nimeshika kamba," akasema.

Akanywa maji, akarudi kumfuata mtoto kwenye gunia la pili.